"Titivate": neno la kujikwatua na mahali pake

Katika kazi yangu ya kuhariri maandishi ya Kiingereza ya Waswahili wenzangu, nimeona kwamba yanayoleta shida kubwa si maneno magumu ambayo kila mtu huyakimbilia kamusini, bali ni yale yanayovutia masikioni na kutumiwa kabla hayajachunguzwa. Mojawapo ni "titivate". Maana yake ni kukwatua au kujikwatua, yaani kufanya marekebisho madogo madogo ya mwisho ili mtu au kitu kipendeze zaidi: kuweka sawa kola, kupitisha chanuo mara nyingine, kupanga upya maua yaliyokwisha kuwekwa mezani. Jengo linalovuja paa halifanyiwi "titivate". Kinachofanyiwa hivyo huwa tayari kiko katika hali nzuri, kikabakia kuongezewa madoido tu.

Neno hili lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 19, na tahajia yake ya awali ilikuwa na herufi "d", yaani "tidivate". Kwa sababu hiyo, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilitokana na "tidy", nadhifu, likapachikwa mkia wenye sura ya Kilatini kwa kuiga maneno kama "cultivate". Mkia huo, kwa maoni yangu, ni wa mzaha, kwa kuwa karne hiyo ilipenda sana michezo ya namna hiyo. Kule Marekani watu walibuni "absquatulate", yaani kutoroka ghafla, ambalo limevaa joho la kisomi ilhali Mrumi hakulijua kamwe. Hilo "tidy" nalo lina safari yake: limetokana na "tide", ambalo zamani lilimaanisha wakati, kwa hiyo kitu "tidy" kilikuwa kwanza kitu kilichokuja kwa wakati wake, kisha kikawa kitu kizuri, na hatimaye kitu kilichopangika vizuri.

Ninaeleza asili hii kwa sababu ule mzaha haujatoka. Mwingereza anayesema kwamba yuko mbele ya kioo "titivating" anajitania kidogo, au anamtania mwingine, na ndiyo maana nawashauri wanaoandika barua za maombi ya kazi, zabuni na ripoti waliache kabisa. Kwa ukarabati wa jengo, "refurbish" au "renovate" yanatosha. Aidha, ni neno la Uingereza zaidi kuliko la Marekani, na msomaji wa Marekani anaweza kulishangaa. Mahali pake ni hadithi, barua ya rafiki, au safu ya gazeti yenye ucheshi.

Hatari kubwa zaidi ni jirani yake, "titillate", lenye asili ya Kilatini cha kweli, ambalo maana yake ni kutekenya na, katika matumizi ya leo, kusisimua hisia, aghalabu za kimapenzi. Niliwahi kuletewa kijitabu cha matangazo cha nyumba ya wageni ambamo mwenye nyumba aliahidi kwamba vyumba vyote vingefanyiwa "titillate" kabla ya msimu wa watalii. Kamusi ya kukagua tahajia katika kompyuta isingemwonya, kwa kuwa neno limeandikwa sawasawa. Nilimwekea "redecorate", maana alikusudia kupaka rangi na kubadilisha mapazia, na hata "titivate" lingekuwa dogo mno kwa kazi hiyo.

Anayefasiri kuja Kiswahili atazame kwanza nani anafanya nini. Kwa mtu anayejiweka sawa kabla ya kutoka, mimi huandika "kujikwatua". "Kujiremba" nalitumia pale tu panapokuwa na wanja, poda au rangi ya midomo. Na kwa chumba au dirisha la duka, "kutia madoido" hubeba ule wepesi ambao "kukarabati" hauna.