Usimnyime mbwa maji kwa sababu ya safari

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Ijumaa wanaondoka na mashua, watalala majini usiku mmoja, na mbwa wake hajawahi kujisaidia popote ila kwenye majani. Akauliza: "Nikimnyima maji tangu mchana, si atafika asubuhi bila kukojoa?" Nilimjibu hapo hapo kwamba asithubutu. Jibu kamili naliandika hapa, maana najua wengi wenu mnaitamani raha ninayoitamani mimi: nanga iko chini, bahari imetulia, na mbwa wako amejikunja miguuni pako.

Safari ya kwanza na Chui, mbwa wangu, tuliondoka saa nane mchana. Sikumwandaa kwa lolote; nilidhani akibanwa atakojoa tu. Usiku kucha alizunguka sitahani, ananusa kamba, ananusa ndoo, anarudi kunitazama. Mbwa aliyefunzwa tangu udogoni kwamba haja ni nje, kwenye nyasi au udongo, huiona sitaha kama sakafu ya sebuleni. Kumbe alikuwa ananitii. Alfajiri miguu yake ya nyuma ilikuwa inatetemeka. Tulifika nchi kavu saa tatu asubuhi, saa 19 tangu tuondoke. Aliruka kabla kidau hakijagusa mchanga, akakojoa pale pale mawimbi yanapoishia, kwa muda mrefu, mpaka nikashindwa kumtazama.

Rafiki niliyesafiri naye akasema mbele ya watu: "Mbwa si wa baharini, ungemwacha nyumbani." Miaka imepita na neno lile bado linanichoma. Aliyekosea siku ile ni mimi, lakini lawama ilimwangukia Chui.

Niliporudi nilitafuta kipande cha zulia la nyasi bandia, nikatoboa kona moja, nikafunga kamba. Kila asubuhi nilimfuata Chui na kitambaa, nikakilowesha kwa mkojo wake wa kwanza, nikakipangusa juu ya zulia. Mbwa huchagua mahali pa haja kwa pua kuliko kwa macho, na harufu yake mwenyewe ndiyo humwambia kwamba hapa ni choo. Akikojoa nasema neno moja, lile lile kila siku: "Maliza." Akimaliza tu, kipande cha nyama, kabla hajapiga hatua. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili vilevile. Siku ya 17, mvua inanyesha, alipanda juu ya zulia, akazunguka mara mbili, akainua mguu. Nilimkumbatia akiwa amelowa chapachapa.

Mashuani zulia likae mahali pamoja siku zote. Langu hukaa omoni, yaani mbele kabisa ya mashua. Mpeleke mara baada ya kula, kwa kuwa chakula huamsha utumbo, kisha kabla ya kulala na tena alfajiri. Usiku mvalishe jaketi la kuokolea na umshike kwa kamba fupi, maana anapochuchumaa hana namna ya kujishikilia mashua ikiyumba. Kinyesi kiokote kwenye mfuko, kirudi nchi kavu. Zulia litose majini kwa ile kamba yake, ulivute, limekuwa safi.

Sasa maji. Mbwa mwenye kiu atakunywa ya bahari, na chumvi itamtapisha na kumharisha. Ikizidi hudhuru ubongo na kuua. Mpe maji ya kutosha yasiyo na chumvi, mchana na usiku. Akichuchumaa mara kwa mara na kitu hakitoki, katisheni safari mumpeleke kwa daktari wa mifugo. Na tafadhali, msimkaripie aliyekojoa sitahani. Amefanya mliyotaka ayafanye! Tunadai utii kwa viumbe hawa, nasi wiki chache za kuwafundisha tunaziona nyingi.

Mwezi uliopita tulilala majini siku mbili, na rafiki yule alikuwamo. Saa tisa usiku nilisikia kucha za Chui zikigonga sitaha kuelekea omoni. Rafiki yangu, aliyekuwa zamu, alimshika kamba na kummulikia kwa tochi mpaka akamaliza. Hakusema neno.

Kwa wewe uliyeniandikia: hadi Ijumaa muda hautoshi kumfundisha. Tieni nanga karibu na ufuko, umvushe kwa kidau jua likizama, na umvushe tena kunapopambazuka.