Kabla ya Kuupigia Simu Ubalozi

Tangu niliporudi Lamu baada ya kustaafu utumishi wa kibalozi, ambao sehemu yake kubwa niliifanya kwenye madawati ya huduma za raia katika nchi za Ghuba, haupiti muda mrefu bila ya mzazi au ndugu kunijia barazani akiniomba nimpigie simu balozi. Wengi huamini kwamba balozi ni mtu wa amri, akinyanyua simu mlango wa jela hufunguka. Ukweli ni kwamba balozi na maafisa wake ni wageni katika nchi ya watu, na karibu kila wanalolifanya kwa ajili ya raia wao hupitia kwenye barua. Ushauri wangu wote unatokana na hilo: mpe afisa kitu kinachoweza kuandikwa.

Siku ya afisa huyo wa ubalozi huanza kwa kusoma magazeti ya nchi aliyopo na kuiandikia wizara, kule Jengo la Hazina ya Zamani jijini Nairobi, ni nini kimebadilika katika sheria, biashara au siasa kinachotuhusu. Baada ya hapo kuna ujumbe wa serikali wa kupokewa uwanja wa ndege, wafanyabiashara wa chai wanaotafuta wanunuzi, pasipoti zilizokwisha muda, na maandalizi ya sherehe ya tarehe 12 Desemba. Watu wa kuyafanya hayo yote huwa wachache. Wenzetu wa Malindi hujivunia, na wana haki, kwamba wajumbe wao walimfikishia mfalme wa China twiga mwaka 1415. Lakini aliyeshughulika na majani ya mnyama yule safari nzima hatajwi, na kazi ya ubalozi hadi leo ina majani mengi kuliko twiga.

Chombo kikuu cha kazi hiyo ni waraka uitwao noti, ambao ubalozi huupeleka kwa wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji. Huandikwa kana kwamba ubalozi wenyewe ndio unaosema: "Ubalozi wa Jamhuri ya Kenya unatoa salamu zake kwa Wizara ya Mambo ya Nje na una heshima ya kuieleza kwamba..." Chini hapatiwi saini kamili, hutiwa herufi za mwanzo za jina la afisa na muhuri, basi. Baina ya salamu za mwanzo na zile za mwisho hubaki nafasi ya aya moja au mbili, na humo ndimo anamoingia mwanao: jina lake kama lilivyo katika pasipoti, nambari ya pasipoti, nambari ya ikama, yaani kibali cha ukaazi, jina la mwajiri, mji, tarehe aliyowasiliana nanyi mara ya mwisho, na ombi lenyewe. Aya hiyo ikiwa na pengo, wizara itaipeleka polisi, polisi watajibu kwamba hawana taarifa za mtu huyo, na jibu hilo huenda likachukua majuma kadhaa kurudi.

Kwetu pwani mtu huwa na jina la pasipoti na jina la nyumbani, na mama mara nyingi hulijua kwa uhakika hili la pili. Nimewahi kuletewa picha nzuri ya binti aliyevaa buibui, jina lake la utani na jina la mji wa Dammam, kisha nikaambiwa, "Mwanangu, ntafutia." Kwa hiyo kabla mtu hajavuka Mokowe, gati letu la upande wa bara, kwenda zake, pigeni picha ukurasa wa pasipoti wenye sura yake, viza, na mkataba wa kazi pamoja na ukurasa wenye saini, akishafika Saudia na kupewa ikama, ambayo nambari yake ina tarakimu 10, aitume nayo. Zihifadhiwe katika simu za watu wawili, kwa sababu waajiri wengi huzishika pasipoti za wafanyakazi wao. Hakikisheni pia kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wakala aliyesajiliwa ana mahali pa kubanwa. Asiyesajiliwa hubadilisha laini ya simu tu.

Kuhusu waliokamatwa, Mkataba wa Vienna wa 1963 juu ya Mahusiano ya Kikonsula unazitaka mamlaka za nchi ziujulishe ubalozi bila kuchelewa, ila sharti aliyekamatwa mwenyewe aombe, na vijana wetu wengi hunyamaza kwa hofu. Waambieni waombe. Afisa akiruhusiwa kumwona atauliza afya yake, mkalimani na wakili, na atawaletea salamu. Hawezi kumtoa, kwani mkataba huohuo unamtaka aheshimu sheria za nchi ile. Kinga inayosifiwa mno mabarazani humlinda yeye na haimpi mamlaka juu ya hakimu.

Zito zaidi ni mauti. Familia hupigiwa simu na mtu baki, huanza kuchanga nauli ya maiti, na hapo ndipo ndugu hugawanyika: mmoja ataka azikwe kulekule, mwengine ataka aletwe. Ubalozi hauwezi kuwaamulia. Kaeni kwanza mkubaliane, kisha mwandike ridhaa ya warithi, na ithibati ya urithi muipate katika Mahakama ya Kadhi, kwani karatasi hiyohiyo itahitajika baadaye kudai mishahara ya marehemu. Sheria ya kazi ya Saudia humtwika mwajiri gharama za kuutayarisha na kuusafirisha mwili, isipokuwa ukizikwa kule kwa ridhaa ya familia. Wafanyakazi wa nyumbani, hata hivyo, wana kanuni zao mbali, hivyo someni mkataba kabla ya kupitisha kikapu cha mchango. Nimeona michango ikilipa kilichokuwa deni la mwajiri.

Mwisho ni kalenda na mawasiliano. Ofisi za serikali Saudia na Oman hufanya kazi Jumapili hadi Alhamisi, huku Imarati, yaani Falme za Kiarabu, zikihamia Jumatatu hadi Ijumaa tangu Januari 2022, na katika Ramadhani saa za kazi hupunguzwa kote. Ombi linalofika Riyadh Alhamisi jioni halitajibiwa na wizara kabla ya Jumapili, hata jamaa kumi wakipiga simu usiku kucha. Chagueni msemaji mmoja. Ujumbe wa kwanza ubebe jina kamili na nambari ya pasipoti kwenye kichwa chake, na kila unaofuata utumwe chini ya ule wa kwanza, kwa kuwa maafisa huhamishwa vituo kila baada ya miaka michache, na anayekuja hatamjua mwanao ila kwa yaliyomo katika faili.