Simu iliyokarabatiwa ni ya nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama inafaa kununua simu iliyokarabatiwa, na hatari yake kubwa ni ipi. Wengi hutaja betri na kioo, wala hawakosei, lakini kwangu hatari inayozidi zote ni kulipia simu ambayo bado ina mwenyewe.

Tangu mwaka 2013 iPhone huwa na kufuli linaloifunga kwenye akaunti ya mmiliki, na mwaka 2015 simu za Android nazo zikapata kufuli la aina hiyo. Simu ikiwa imeshawashwa na kusetiwa, kufuli hilo halionekani. Muuzaji wa Kariakoo atakukabidhi ikiwa inawaka, utaweka laini, utapiga picha mbili tatu, na yote yatakuwa sawa. Siku utakapoifuta ili uanze upya, itakudai nywila ya mtu usiyemjua, ambaye pengine yuko Dubai au Marekani. Vivyo hivyo simu zinazokopeshwa hapa kwetu kwa marejesho ya kila siku: mkopaji akiiuza kisha akaacha kulipa, hufungwa kwa mbali, hata kama wewe uliinunua kwa fedha taslimu. Ndiyo maana, kabla ya kutoa pesa, mnunuzi amtake muuzaji airudishe simu katika hali ya kiwandani mbele yake, kisha aiunganishe na intaneti na kuiseti mwenyewe hadi mwisho. Muuzaji mwenye haraka atanuna; acha anune.

Wapo wanaoridhika kwa kubonyeza *#06# na kutuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, kwenda 15090, utaratibu uliozoeleka tangu TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilipozima simu bandia mwezi Juni 2016. Ni hatua nzuri, ila inakuonyesha aina ya simu tu, haikuambii kama ina kufuli la akaunti au deni.

Neno lenyewe "iliyokarabatiwa" nalo hutumiwa ovyo. Kwenye iPhone, namba ya modeli ikianza na herufi F, simu hiyo ilikarabatiwa na Apple. Ikianza na M, iliuzwa ikiwa mpya, na aliyeifungua baadaye anaweza kuwa fundi yeyote. Nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni simu zilizotumika, zikafutwa vumbi na kutiwa kwenye boksi jipya. Kioo cha kopi utakitambua kwa rangi zilizofifia, lakini asilimia ya afya ya betri isikutulize sana, kwa kuwa mafundi wana vifaa vya kuibadilisha. Na simu iliyokwisha kufunguliwa usiitumbukize majini, hata kama ilitoka kiwandani ikihimili maji, maana gundi iliyoziba kingo zake huenda haikurudishwa ipasavyo.

Mwisho, risiti iandikwe namba ya IMEI, si jina la simu pekee, na waranti itaje kufuli waziwazi, kwani waranti nyingi za wiki moja huzungumzia kioo na chaji tu.