Kapime damu kwanza, kikundi baadaye

Weee, subiri! Jumamosi usiende kwenye hicho kikundi cha matatizo ya ulaji. Unajinyima kula, unajitapisha, kizunguzungu hakikuachi, halafu unauliza kikundi au mtaalamu wa ana kwa ana, utapona kwa muda gani, na mama umwambieje. Na shoga yako kashakushawishi kikundi, eti mtafarijiana. Mimi pia niliambiwa hivyo hivyo, nikajiunga na kikundi.

Aliyetuongoza hakuwa amesomea matatizo ya ulaji hata kidogo. Alikuwa na sauti ya upole na kauli moja: "kila kitu kisemwe". Basi tukasema! Huyu anataja kilo zake, yule anahesabu alichokula tangu asubuhi, na mimi kimoyomoyo napanga nafasi: huyu nimemshinda, yule kanizidi. Niliingia mgonjwa, nikawa mwanafunzi bora wa kujikondesha. Bado nasubiri cheti. Nilipomwambia moyo unaruka mapigo, akanijibu "hizo ni hisia zinatoka". Hisia gani, bwana! Potasiamu, madini ya damu yanayoufanya moyo upige sawasawa, ilikuwa imeshuka kwa sababu ya kutapika, na daktari aliyepima damu yangu alinilaza siku ile ile. Nikimkumbuka yule kiongozi natamani bili ya hospitali ningempelekea yeye.

Sisemi vikundi ni vibaya. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa 2017, unavikubali kwa mtu mzima anayekula kupita kiasi bila kujitapisha: kwa kawaida vikao 16 vya dakika 90, pale kujitibu mwenyewe kwa kitabu, chini ya msimamizi, kulipogoma. Bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) na anoreksia (kujinyima kula hadi kukonda mno) ni habari nyingine. Hospitali wakishakupeleka kwa mtaalamu, ni wewe na yeye, tiba ya utambuzi na tabia (mazungumzo ya kubadili mawazo na mazoea), kama vikao 20 kwa bulimia na hadi 40 kwa anoreksia. Sasa wewe hata hujajua una ipi!

Damu na moyo kwanza, mtaalamu wako mwenyewe pili, kikundi baadaye akikuruhusu yeye. Na kikundi kinachoacha watu wataje kilo na kalori, inuka uondoke, hata kama chai haijaletwa.

Kesho asubuhi nenda hospitali, waambie wazi kwamba unajitapisha, usione haya, waombe wapime potasiamu na umeme wa moyo. Ukizimia au mapigo yakivurugika usiku huu, usingoje kesho, nenda dharura.