Maswali ya Wasomaji: Kanuni za Vifaa na Gharama za Mbio Fupi za Magari

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha mafundi na wapenzi wa magari hapa Nyakato, Mwanza. Kwa ruhusa ya mwenye eneo, na polisi wakiwa na taarifa, hukutana kwenye njia ya ndani ya kiwanda kilichofungwa na kushindanisha magari mawili mawili kwa mita 201, zile mbio ambazo vijana huziita dragi. Tulianza na magari tunayoendea kazini. Sasa mwenzetu mmoja amefunga turbo na kubadilisha programu ya kontrol boksi (kompyuta inayoongoza injini), mwingine ameagiza kisanduku cha umeme kinachomsaidia kuondoka haraka kwenye taa za kuanzia mbio, na wanachama wanne wameacha kuja kwa kuwa mifuko yao haiwezi. Kamati imeandika kurasa kumi na moja za vifaa vinavyopigwa marufuku. Je, gharama zitashuka?
Fundi, Nyakato

JIBU: Kwa orodha hiyo zitashuka kidogo sana, ndugu yangu, na huenda zikapanda. Kila kifaa kinachokatazwa kinahitaji mtu wa kukikagua, na programu iliyobadilishwa ndani ya kontrol boksi haionekani kwa macho wala haishikiki kwa mkono. Mwenye fedha atanunua kile ambacho kurasa zenu kumi na moja hazikukitaja, na asiye nazo atabaki akibishana na kamati hadi jua lizame.

Hasira ya wanachama wako naielewa, hasa juu ya turbo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini ya kawaida hupoteza hapa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Turbo, kwa kuwa inaisukuma hewa kwa nguvu, hurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo pengo kati ya gari lenye turbo na lisilo nayo ni pana zaidi Mwanza kuliko pwani.

Hata hivyo, msimfukuze mwenye turbo. Wamarekani, ambao chama chao cha mbio za dragi, NHRA, kilianzishwa na Wally Parks mwaka 1951, wana utaratibu wa mbio za ridhaa ambao unaiacha injini ya mtu kama ilivyo. Kila dereva hutamka mapema muda atakaotumia na kuuandika kwenye kioo cha gari. Tuseme Corolla imetamka sekunde 11.80 na gari la turbo limetamka 9.30: Corolla itawashiwa taa zake sekunde 2.50 mapema, na wote wawili wakiondoka sawasawa na kutimiza walichotamka, watafika mstarini pamoja. Anayedanganya kwa kutamka muda mrefu ili apewe nafasi hujinasa mwenyewe, kwa sababu anayekimbia haraka kuliko tamko lake hushindwa, isipokuwa mpinzani wake amefanya kosa kubwa zaidi, kama vile kuondoka kabla ya taa ya kijani. Turbo hapo imemnunulia mwenye gari raha ya kasi tu, haikumnunulia ushindi.

Kisanduku ndicho kinachonitia wasiwasi. Katika mpangilio wa kawaida, taa tatu za manjano huwaka moja baada ya nyingine kwa nafasi ya nusu sekunde, kisha inakuja ya kijani, na dereva mzoefu huondoka anapoiona ya tatu. Mwenye kisanduku hushika kitufe kwenye usukani na kukiachia mara taa ya kwanza inapomulika. Kinachobaki huhesabiwa na kisanduku, sekunde moja na ushei kwa usahihi wa sehemu za elfu, kisha chenyewe hufungua breki ya giaboksi inayolishikilia gari lisiondoke. Vipo hata vya kumwezesha mwenye gari la kasi kuondoka kwa kutazama taa ya mpinzani, kisanduku kikijumlisha tofauti ya matamko yao. Mashindano yakiamuliwa kwa sehemu za elfu za sekunde, asiyekuwa nacho ni kama mvuvi wa ndoana aliyewekwa kando ya mwenye wavu. Ndiyo maana viwanja vingi vya Marekani hutenganisha daraja la wenye visanduku na la wasio navyo.

Kikatazeni, basi, kwa sentensi moja: gari liondoke kwa mguu, bila kitufe chochote. Kuinama chini ya dashibodi na kufuata nyaya ni kazi ya dakika tano.

Mtu akipendekeza muda mmoja kwa wote, ambao hakuna anayeruhusiwa kukimbia haraka kuliko huo, msishawishike. NHRA ina madaraja ya namna hiyo kwa mita 402, Super Comp kwa sekunde 8.90 na Super Gas kwa 9.90, na humo watu hununua injini zenye uwezo wa kukimbia haraka zaidi ya hapo, kisha hufunga kifaa cha kuibana throto (mlango wa hewa ya injini) kwa muda katikati ya safari ili gari lisipite kikomo. Faida yake ni kumfikia mpinzani kutoka nyuma huku wakimwona. Fedha zimetumika mara mbili, kwanza kulipa gari kasi, kisha kulipunguzia.

SWALI: Mark II yangu hukimbia vizuri asubuhi na kuchelewa mchana. Je, ninunue mtambo wa kupima hali ya hewa ili nitamke muda sahihi?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Wapo wanaoununua, lakini wewe bado. Hewa ya joto na yenye unyevu haina oksijeni nyingi kama ya alfajiri, na mchana upepo wa ziwani unaweza kukupiga usoni kulingana na njia yenu ilivyoelekea. Nunua kipimajoto na daftari. Kila unapokimbia, andika saa, joto, upande wa upepo, mafuta yaliyomo tangini na muda uliopata. Ukishajaza kurasa kadhaa, tazama ulichoandika siku yenye joto kama la leo, ndipo utamke.