Barua ya chifu ilisema "alitoweka"

Mhariri, swali lenu la wiki hii, kama radhi ya serikali yatosha kwa mauaji iliyoyakana miaka mingi, limenigusa penye kidonda. Jibu langu ni hapana. Walipe kwanza. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10, na miaka ikapita wajane wa Wagalla, kule Wajir, kaskazini mwa Kenya, ambako askari wa serikali waliua watu mwaka 1984, wakiingoja.

Lakini hasa nataka kusimulia habari ya fomu.

Mwaka 1999 nilikaa chumba kimoja chuoni na kijana wa Wajir, Mdegodia, yaani wa ukoo wa Degodia wa Wasomali. Tulikuwa tukijaza fomu za basari. Penye tarehe ya kifo cha baba aliandika bila kusita: "Februari 1984, uwanja wa ndege wa Wagalla." Alikuwa na miaka sita askari walipomsomba baba yake pamoja na wanaume wengine wa ukoo wao, wakavuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila maji, kisha risasi. Karani akasoma, akainua macho: "Cheti cha kifo kiko wapi?" Kingetoka wapi? Wakati huo serikali ilikuwa bado inashikilia kwamba waliokufa ni 57. Wenyeji hutaja hadi 5,000.

Akaambiwa alete barua ya chifu. Ilifika baada ya wiki tatu, imekunjwa mara nne, ina muhuri wa zambarau: mzazi wake "alitoweka." Chifu simlaumu, naye alikuwa na watoto. Rafiki yangu aliisoma akiwa amesimama, akaitia chini ya godoro. Fomu hakuirudisha tena. Karo tulimchangia.

Radhi ya 2015 ilikuwa ya jumla, kwa makosa yote ya serikali zote zilizotangulia. Haikutaja baba wa mtu. Na sasa, nikiandika, lile "walipe kwanza" halinikai vizuri. Tangu tujuane, rafiki yangu hajaniuliza habari za bilioni 10 hata siku moja. Anachouliza ni kama atapata karatasi yenye neno "aliuawa." Basi huenda radhi yatosha, mradi iandikwe jina kwa jina na igongwe muhuri.

Ila nasema haya nikiwa na mshahara. Mama yake, aliyelea watoto wanne kwa kuuza maziwa ya ngamia, pengine angenijibu vingine, na nisingembishia.