Kabla hujajaza diski: ushauri kwa mwalimu anayetaka maktaba ya kidijitali ya sayansi na hisabati

Walimu wenzangu wa fizikia na hisabati hunipigia simu na ombi lilelile: "Mwalimu, una diski yenye vitu vya sayansi unikopie?" Ninayo, na sina choyo nayo. Ila siku hizi namuuliza kwanza: wanafunzi wako wanakwama mada gani? Kama hana jibu, namwambia diski yangu haitamfaa kitu. Itakaa kabatini pamoja na ile aliyopewa na wafadhili mwaka juzi.

Nafundisha shule ya kata. Bando linatoka mfukoni mwangu na umeme hukatika unapojisikia. Maktaba yetu inakaa ndani ya Raspberry Pi, kikompyuta kinachoenea kwenye kiganja, kinachotoa waifai yake chenyewe bila intaneti. Mwanafunzi anaunganisha, anafungua kivinjari, anasoma. Programu tunayotumia ni Kolibri ya Learning Equality, walewale waliotengeneza KA Lite mwaka 2012 ili masomo ya Khan Academy, tovuti ya bure ya video na mazoezi, yasomeke pasipo na mtandao. Inapatikana kwa Kiswahili, na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba unachukua mada unazozitaka tu bila kubeba mzigo wote.

Hapo kwenye kuchukua unachokitaka ndipo wengi tunapateleza. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha zake, ukiipakua kwa Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila mtandao, inakula gigabaiti 100 hivi. Inapendeza kumwonyesha mkuu wa shule. Lakini mtoto wa Kidato cha Pili anayetafuta habari za mgandamizo wa vimiminika anakutana na makala ya kiwango cha chuo kikuu, anashusha ukurasa mara mbili, anarudi kwenye daftari la mwenzake. Kwa hiyo panga maktaba kwa muhtasari wa somo. Jina la folda liwe lilelile la mada lililomo kwenye muhtasari, kwa lugha ileile unayoiandika ubaoni, na ongeza mwaka wa muhtasari. Mitaala iliyoboreshwa ya 2023 inaingia kwa awamu, kwa hiyo kwa muda vidato vya juu na vya chini havitasoma mpangilio mmoja, na folda zisizo na mwaka zitakuvuruga wewe mwenyewe kabla ya wanafunzi.

Ndani ya kila mada naweka vitu vichache: sehemu husika ya kitabu, video moja fupi, zoezi la kuchezea kwenye skrini, na maswali ya mitihani. Kwenye vitabu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, anza huko. Kabla ya kusambaza nakala shuleni, hakikisha una ruhusa. Na kitabu cha mtu binafsi cha kununua usikipige picha ukurasa kwa ukurasa. Hata kama nia ni njema, huo ni wizi.

Kwenye maswali ya mitihani kuna hazina ambayo sijui kwa nini tunaiacha. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, ziko kwenye tovuti yao bure. Walimu wengi tunazisoma siku ya semina, basi. Ndani yake kuna swali, maelezo ya watahiniwa walipokosea, na picha ya jibu zuri na jibu baya kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Mimi nakata kurasa za swali husika, naziweka ndani ya mada yake. Mwanafunzi akiliona jibu baya kwa mwandiko wa mtoto kama yeye, anacheka kwanza, halafu ananyamaza, maana na yeye wiki iliyopita aliandika vilevile. Hakuna video ya Marekani inayoweza kufanya kazi hiyo.

Mazoezi ya kuchezea nayachukua PhET, mradi wa majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ulioanzishwa na Carl Wieman mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia. Chagua yale ya HTML5, yanayofunguka ndani ya kivinjari. Kila moja ni faili moja unayopakua na inafunguka bila mtandao. Ya zamani ya Flash usihangaike nayo, Flash ilizikwa mwisho wa 2020. Lile la saketi za umeme ndilo darasa langu linaligombania. Kwa wanafunzi wengi balbu ya pili "inabakiziwa" mkondo na ya kwanza. Wakiunganisha balbu mbili mfululizo, wakaweka amita kabla na baada ya balbu ya kwanza na kukuta namba ni ileile, ubishi unaotokea hapo unatosha kipindi kizima. Uache uendelee. Kwa hisabati, GeoGebra, programu ya bure ya kuchora maumbo na grafu, inatosha kwa grafu, duara na trigonometria.

Video za maabara piga mwenyewe kwa simu. Nasema hivyo kwa sababu video za nje zina vifaa ambavyo watoto wetu hawatavikuta siku ya mtihani. Titresheni yangu nimeipiga na bureti yetu yenye ufa pembeni: asidi ndani ya bureti, besi kwenye chupa, kiashiria cha methyl orange matone mawili. Nimesogeza simu hadi usawa wa macho kuonyesha mkunjo wa kimiminika unasomwa chini, si pembeni, halafu nikapunguza tone kwa tone hadi njano ilipogeuka. Maelezo ni kwa Kiswahili changu cha darasani. Baada ya hapo ipitishe HandBrake, programu ya bure ya kupunguza ukubwa wa video, uishushe hadi ubora wa 480p, la sivyo dakika tatu zitakula mamia ya megabaiti na vishikwambi vitagoma.

Vishikwambi vyenyewe nusu ni vya walimu, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha tukagawiwa. Ukiomba vizuri, walimu wa masomo mengine wataazimisha kwa kipindi kimoja. Kukiwa na vingi kwa pamoja, waifai ya Raspberry Pi inalemewa. Nunua ruta ya bei ndogo uiunganishe kwa waya. Kwa umeme, pawabenki nzuri inakivusha kipindi, na hilo si anasa: umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika na maktaba yote ikaondoka nayo. Nakili kadi nzima, nakala ikae kwa mwalimu mwingine, nyumba nyingine.

Mwisho kuna suala la ufunguo. Maktaba nyingi za aina hii zinakufa mwalimu mmoja anapohamishwa. Fundisha wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu kuwasha, kuzima na kuongeza mada, wakifika cha Nne wafundishe wadogo zao. Nywila iandike kwenye daftari la ofisi ya taaluma. Na kama unaanza muhula huu, chukua mada moja tu, ile iliyoangusha darasa lako mtihani uliopita, uimalize kabla hujagusa ya pili.